Mwalimu Niliyemdhania Mshenga

Dada yangu Adhiambo hunitumia furushi la sukari nguru kila anapompata mtu wa kuja huku Nairobi. Limefungwa kwa karatasi safi, lina lebo, na jina la kiwanda chake kidogo cha Rongo limechapishwa juu yake kwa herufi za kijani. Mimi lebo siisomi. Nakata kamba, nafunua karatasi, na kabla sijaonja chochote nafumba macho na kunusa. Papo hapo jiko langu la ghorofa ya tatu hujaa moshi wa makapi ya miwa, na ile harufu ya maji ya miwa yanayochemka mpaka yanaanza kushika chini, na shati la baba akirudi kutoka kazini jioni. Wapo watu ambao wakinusa harufu ya kwao hutokwa na machozi. Mimi hucheka peke yangu, kwa sababu harufu hiyo hunirudisha kwenye siku niliyojitahidi kuvunja posa ambayo haikuwapo.

Nilikuwa darasa la pili. Nyumba yetu ilikuwa pembeni mwa Rongo, upande wa barabara ya kwenda Homa Bay, katikati ya mashamba ya miwa ambayo yakiwa makubwa hayakuachii uone hata paa la jirani. Baba alikuwa mchemshaji kwenye kinu cha sukari nguru. Mama alikuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Rongo, omena wa kisiwa cha Remba, na asikwambie mtu kwamba omena wote ni sawa, mama angekutoa kwenye meza yake. Dani, bibi yetu mzaa baba, alikaa kwenye nyumba yake uani na kuyajua mambo yote ya kijiji bila kutoka kitini. Na alikuwako Adhiambo, kifungua mimba, aliyenizidi miaka kumi na zaidi. Aliyenifunga viatu asubuhi ni yeye, aliyenisuka Jumapili ni yeye, na usiku nilikuwa silali mpaka miguu yangu iwe imegusa yake. Mama alinizaa, lakini mtu akiniuliza mimi ni wa nani, nilikuwa nasema mimi ni wa Adhiambo.

Mwaka huo Adhiambo alikuwa amemaliza kidato cha nne katika shule ya kutwa ya wasichana, ile ya serikali iliyo mwendo mfupi kutoka kwetu. Matokeo yalipotoka alikuwa na B, na katika Kemia alikuwa ameipita hata hiyo B. Sikujua B ni nini, ila niliona baba akivaa koti la kanisani siku ya kazi na kuzunguka kijiji kizima akiulizia jembe ambalo lilikuwa limeegemea ukuta wetu. Kila alipopita aliulizwa habari, na kila alipoulizwa alizitoa. Kufika jioni watu walikuwa wamekwisha kumwita Adhiambo "sista", maana ilijulikana wazi kuwa atakuwa nesi. Waya, shangazi yetu dada wa baba, alikuwa nesi kule Homa Bay. Alipokuja nyumbani hata mbwa walinyamaza. Sare yake nyeupe iliyopigwa pasi ilitundikwa kwenye msumari sebuleni, na baba alikuwa akiitazama kama watu wanavyoitazama picha ya harusi. Neno lake lilikuwa moja tu: nyumba hii itatoa nesi wa pili.

Adhiambo hakuwahi kusema ndiyo wala hapana. Alitabasamu, akainamisha kichwa, akaendelea na kazi zake. Sisi sote tulidhani huo ni unyenyekevu.

Kisha shule ikaita wazazi. Ujumbe uliletwa na msichana aliyesoma naye: wazazi wa Adhiambo wanaombwa wafike kwenye ofisi ya mwalimu wa ushauri. Nikwambie, kwetu siku hizo mzazi hakuitwa na mwalimu wa ushauri kwa jambo la heri. Aliitwa ikiwa binti yake ana mimba, au amepatikana na bangi, au anakimbia masomo kwenda disko matanga, zile ngoma za usiku kwenye misiba. Ofisi ile ilikuwa nyuma ya maktaba, na ukionekana ukielekea huko, habari zilikufikia nyumbani kabla yako. Baba aliposikia neno "ushauri" aliweka chini kikombe cha chai.

"Mtoto amemaliza shule. Amepita. Sasa ushauri ya nini?" aliuliza.

Mama alimwangalia Adhiambo tumboni, haraka, akadhani hakuna aliyemwona. Adhiambo alisema ni mambo ya kuchagua kozi za chuo tu, wameitwa wazazi wote. Baba alisema kozi imeshachaguliwa, yeye hana la kwenda kutafuta nyuma ya maktaba. Siku ya mkutano ilifika ikapita. Koti la kanisani halikutoka kwenye msumari.

Basi mwalimu akaja mwenyewe.

Hapa lazima nieleze kwa nini nilikosea, msije mkaniona zuzu. Miezi michache kabla ya hapo, alikuja kwa jirani yetu mama mmoja mtu mzima, mwavuli mkononi na mkoba begani. Alikaribishwa kiti kizuri. Aliuliza habari za Anyango, binti yao mkubwa: ana umri gani, tabia yake vipi, anapenda kazi gani. Akachinjiwa kuku. Nilimuuliza Dani huyo ni nani, naye akanijibu kwa raha kabisa, "Huyo ni jagam, nyathina." Nyathina ni mwanangu, na jagam ni mshenga, mtu anayekwenda kati ya nyumba mbili kutafuta mke. Haukupita muda mrefu Anyango akaondoka, na mdogo wake Atieno, rafiki yangu, akaanza kuja shule na nywele za kujisuka mwenyewe. Mistari ilikuwa imepinda kila upande. Nilimwonea huruma sana, na nilishukuru kwamba mimi Adhiambo wangu yupo.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumamosi, pikipiki iliposimama kwenye ua wetu na mama mmoja akashuka, mwavuli mkononi na mkoba begani, mimi sikuhitaji kuambiwa.

"Hodi hapa!" aliita kwa Kiswahili. Alikuwa Mwalimu Boke, Mkuria wa upande wa Kehancha, na Kijaluo chake kiliishia kwenye salamu. Alimsalimu Dani kwa mikono miwili, akaulizwa amelalaje, akajibu vizuri. Halafu akasema maneno yaliyonikata maini: "Nimekuja kuhusu Adhiambo."

Baba alisimama wima. "Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu, mzee. Amefanya vizuri. Tunataka tu kujua ataenda wapi."

Ataenda wapi! Nilimtazama Dani nikitegemea apige kelele, lakini Dani alikuwa anatabasamu na kuvuta kiti. Mama akaniita nimkamate jogoo. Nilimfukuza yule jogoo polepole mno, nikimwombea akimbilie kwenye miwa asirudi, lakini alikuwa mjinga, akajipeleka mwenyewe kwenye kona ya banda. Mama alipochukua kisu, Adhiambo aliinua mtungi wa maji na kutoka mbio kuelekea mtoni, ingawa pipa lilikuwa limejaa. Hilo nalo lilithibitisha mambo. Anyango naye alijificha siku jagam alipokuja. Wasichana huona haya.

Nilikwenda kusimama nyuma ya pazia la chumba chetu, pale lilipokuwa na tundu, nikasikiliza. Na kila nilichosikia kilizidi kunimaliza. Mwalimu Boke aliuliza Adhiambo nyumbani hufanya nini akiwa hana kazi. Mama akasema mtoto hana muda wa kukosa kazi. Aliuliza anapenda nini, anachukia nini, huwa anachekea nini. Akasema nafasi ni chache na wanaozitaka ni wengi. Akasema pia kwamba asipoangaliwa vizuri anaweza kupelekwa mahali ambapo hapapendi, akakaa miaka minne akilia. Miaka minne! Anyango alikuwa amelia siku mbili tu, na hizo mbili zilitosha.

Baba alivumilia maswali mpaka yakamshinda. Alijisogeza mbele ya kiti, akakohoa.

"Mwalimu, mimi ni mtu wa kinu, sina maneno mingi. Wewe ndiyo mwenye hii mambo ya chuo. Sisi tunataka nesi. Sasa umetuletea nafasi gani?"

Mwalimu Boke aliusogeza mwavuli kando. Alichukua ule mkoba, akaufungua, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja na kuviweka mezani: kipande cha chaki, leso, dawa ya kichwa, andazi lililofungwa kwa gazeti, chaja ya simu. Akaupindua chini juu na kuukung'uta.

"Mzee, ona mwenyewe. Nafasi sina. Wazazi wengi wananichinjia kuku wakifikiri niko na nafasi ndani ya hii mkoba. Wengine wanaogopa kuja kwangu wanafikiri ni mimba. Mimi sina hiyo, sina hiyo. Niko na maswali tu."

"Maswali?" Baba aliangalia andazi lile kama limemkosea heshima. "Umetoka huko kote juu ya maswali?"

"Ndiyo kazi yangu. Nikishamjua mtoto, naangalia alama zake, namwonyesha hii unaweza kuitwa, hii usijidanganye, hii hukuwa unaijua lakini ipo. Kuchagua ni yake na yenu. Tena siku zimebaki chache mtambo wa maombi ya vyuo ufungwe. Unesi kwa hizi alama anaweza kuitwa, sikatai. Ndiyo maana nimekuja kuuliza kama ndiyo anataka."

"Anataka," alisema baba.

"Anataka sana," alisema mama.

Wakati huo Adhiambo alikuwa amerudi na mtungi wake, amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, macho chini. Niliona kimya kile na nikajua jambo linaisha. Kwa jirani ilikuwa hivyo hivyo: baba akasema, mama akasema, msichana akanyamaza, chakula kikaletwa. Nilichokuwa nimebakiza ni kitu kimoja nilichowahi kumsikia Dani akisema, kwamba jagam akisikia sifa mbaya za msichana huondoka asigeuke nyuma.

Nikatoka nyuma ya pazia.

"Adhiambo ni mvivu!" nilisema kwa sauti yote niliyokuwa nayo. "Anakoroma! Anakula ukoko peke yake! Na hajui kuchinja kuku, akiona damu anaanguka! Krismasi alianguka nyuma ya jiko nikammwagia maji, akaniambia nisiseme!"

Mama alishika mdomo. Dani, ambaye Kiswahili alikisikia kuliko alivyokubali, alisema "Yawa!" na kuacha kutikisa mguu. Baba alinyanyuka nusu, na ningechapwa kama si Mwalimu Boke kunyoosha mikono yake na kunivuta hadi magotini pake.

"Wewe unaitwa nani?"

"Awuor."

"Awuor, kwa nini unamsema dada yako hivyo?"

"Sitaki aolewe," nikasema, na hapo machozi yakaja yenyewe. "Atanisuka nani?"

Kilichofuata ni kicheko ambacho nakisikia mpaka leo. Dani ndiye aliyeanza, akicheka huku akijipiga mapaja, na mama akamfuata. Baba alijaribu kukaza uso ukamshinda. Mwalimu Boke alifuta macho yake kwa ile leso ya mezani na kuniambia hakuja kumwoza mtu, yeye mwenyewe ana mabinti wawili na hajui kuwaoza. Nilijiona mdogo kama punje ya mtama. Ila hata nilipokuwa nimejifunika uso, niliona kwamba kuna mtu mmoja ambaye hakucheka.

Adhiambo alikuwa amekunja mikono, macho bado chini.

Mwalimu Boke naye aliona. Alinishusha chini, akamgeukia. "Ni kweli hiyo ya damu?"

Adhiambo aliutazama mlango.

"Adhiambo. Nimesikia baba, nimesikia mama, mpaka Awuor nimesikia. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Nilikuwa mtoto, lakini hata mimi nilihisi nyumba imebadilika. Hakuna aliyekuwa amemuuliza Adhiambo swali hilo, si kwa ubaya, ni vile tu haikuwa desturi. Mtoto hulishwa, huvishwa, hulipiwa shule, huombewa. Kuulizwa lilikuwa jambo jingine.

"Ni kweli," alisema Adhiambo, na sauti ilikuwa ndogo. "Kwa Waya, likizo moja, nilimpelekea chakula wodini. Nilianguka kwenye mlango. Wakanilaza kitanda cha mgonjwa. Nilimwomba Waya asimwambie baba." Akamgeukia baba. "Baba, si kwamba nakataa. Mimi nitaenda tu. Lakini nitakuwa naanguka."

Baba aliitazama ile sehemu ya ukuta ambapo sare hutundikwa Waya akija. Siku hiyo palikuwa na msumari mtupu.

"Hujajibu," alisema Mwalimu Boke, kwa upole. "Umeniambia usichotaka."

Adhiambo akasimama, akaenda jikoni. Alirudi amekumbatia makopo, yale makopo ya zamani ya mafuta ya kimbo aliyokuwa ameyapanga juu ya rafu nyuma ya sufuria na kumkataza kila mtu kuyagusa. Ndani yake mlikuwa na vipande vya sukari nguru. Mimi siku zote nilidhani ni akiba ya harusi yake. Aliyaweka mezani mbele ya baba, kando ya chaki na andazi.

Yeyote aliyekulia upande wetu anajua adui wa sukari nguru ni mvua. Ikija masika, vipande hutokwa na jasho, hulainika, huwa vyeusi na kunata, na wanunuzi huvigusa kwa kidole kimoja na kuondoka. Baba alikuwa akirudi msimu huo amenuna, akisema Mungu ndiye mwenye mvua. Adhiambo, kumbe, alikuwa hajakubali kuwa jambo hilo ni la Mungu peke yake. Kila baba alipoleta kipande nyumbani, alikata kijisehemu. Kimoja alikifunga kwa jani kavu la mgomba, kingine akakizungushia majivu na karatasi, kingine kilitoka kwenye sufuria ya kinuni iliyotiwa zaidi ile chokaa ya kusafishia maji ya miwa, kingine akakiacha hivyo hivyo. Aliyaeleza haya yote akianza kwa woga, na kadiri alivyoendelea alisahau kuogopa. Alisema vitabu vya Kemia vya shule vimemfikisha mahali vikaishia, na alitaka kujua kinachofuata.

Baba alichukua kipande kutoka kwenye kopo la jani la mgomba. Alikigonga mezani kikalia kwa ukavu. Alikinusa. Akakiuma.

"Hii ni ya lini?"

"Ya masika, baba."

Aliuma tena. Mimi namjua baba yangu. Mtu huyo akitafuna polepole hivyo, anapigana na nafsi yake.

"Kuna kozi ya mambo kama haya," alisema Mwalimu Boke. "Inaitwa sayansi ya chakula. Kwa hii Kemia yake atapokelewa vizuri tu."

"Sayansi ya chakula," alirudia baba. "Mtu aende chuo kikuu miaka nne kusomea chakula? Mama yake anapika kila siku hata cheti hana."

"Na mimi nani amenishukuru?" aliuliza mama, na kwa mara ya pili nyumba ikacheka, ila baba hakucheka. Aliendelea kukitazama kile kipande.

"Watu watasema nini? Nimewaambia nesi."

"Waambie uliwaambia mapema mno," alisema Dani kwa Kijaluo kutoka kwenye kona yake, na hakuna aliyeona haja ya kumtafsiria mwalimu.

Baba hakusema ndiyo. Wazee wa kwetu hawasemi ndiyo mbele ya mgeni, wataonekana wepesi. Alichosema ni "Mama Adhiambo, leta chakula," na tukaleta kuku na kuon, ugali wetu. Dani alipewa omena wake, maana mpaka leo anashikilia kuwa kuku si chakula cha mwanamke. Kisha likatokea jambo ambalo sikulielewa uzito wake wakati huo. Firigisi ilikuwa kwenye sahani ya baba, kama ilivyokuwa siku zote. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Baba aliikata katikati. Nusu akaiweka kwenye sahani ya Mwalimu Boke. Nusu ya pili akanyoosha mkono hadi mlangoni, kwenye kile kigoda, akaiweka kwenye sahani ya Adhiambo.

Dani alikohoa mpaka akapewa maji. Adhiambo aliitazama ile firigisi, akaila polepole, na machozi yakawa yanadondoka kwenye kuon. Alikuwa amejibiwa.

Jumatatu baba hakwenda kinuni asubuhi. Alivaa koti, akampeleka Adhiambo saiba, duka la kompyuta, Rongo mjini, mimi nikiwa nyuma nimeng'ang'ania sketi ya dada. Baba hakuwahi kutumia kompyuta maishani, lakini alisimama nyuma ya kijana wa saiba na kuyatazama yale maandishi kwa makini, kama anayetazama sufuria isiungue. Kijana aliuliza tuanze na kozi gani. Baba akasema, "Hiyo ya chakula iwe ya kwanza. Iandike vizuri." Tulipotoka nje alikutana na mtu wa kanisa letu, naye akauliza vipi safari ya unesi. Nilimwona baba akinyoosha kola.

"Ah, hapana. Huyu anaenda kusomea sayansi," alisema. Baada ya hatua kadhaa akageuka nyuma na kumwongezea kwa sauti kubwa, "Ya chakula!"

Ndiyo hivyo dada yangu alivyokwenda. Dani alitaka achaguliwe chuo cha hapo Rongo ili awe anarudi kula mchana, lakini alipangwa mbali, na mimi nikaanza kujisuka, na mistari yangu ikapinda kuliko ya Atieno. Nililia, ndiyo, na sioni haya. Lakini kila alipofunga chuo alikuja na maneno mapya, na baba alikuwa akiyabeba hayo maneno mpaka kinuni na kuwasumbua nayo wenzake. Kinu kikaanza kubadilisha mambo kidogo kidogo. Masika moja wanunuzi wakagusa vipande kwa kidole kimoja, wakagusa tena kwa viganja, wakanunua. Leo Adhiambo ana kiwanda chake, kidogo, kisafi, na baba ndiye mwonjaji mkuu, cheo alichojipa mwenyewe. Mwalimu Boke amestaafu na kurudi Kehancha. Kila mwaka hupelekewa furushi kama langu, na nasikia kwamba majirani zake wanadhani ana shamba la miwa.

Nikiulizwa na wazazi wa siku hizi watarajie nini kwa mwalimu wa ushauri wa shule ya serikali, shule yenye wasichana mia kadhaa na mwalimu mmoja ambaye pia anafundisha Jiografia, huwaambia wasitarajie nafasi kwenye mkoba. Wajiandae tu kwa maswali, na wawe na moyo wa kukaa kimya wakati mtoto anajibu. Hilo la pili ndilo gumu.

Mwaka jana, mshenga wa kweli alikuja.

Tulijua atakuja. Kijana mwenyewe ni wa Ndhiwa, mtu mpole, Adhiambo alikuwa ametuambia habari zake. Familia yake ilimtuma mjomba mmoja, mwanamume nadhifu wa suti, asiye na mwavuli wala mkoba. Nilikuwa nimekwenda nyumbani, kwa hiyo kuku nilimchinja mimi. Adhiambo mwenye digrii yake alikuwa amekimbilia mtoni na mtungi. Mgeni aliketi kwenye kiti kile kile, akamsifu Dani kwa miaka yake, akasifu sukari nguru aliyopewa aonje. Kisha akajiweka sawa na kumwelekea baba.

"Mzee, sisi tumekuja kwako. Kijana wetu amempenda binti yenu. Lakini tunataka kujua mapema, hii kazi yake ya kiwanda itakuwaje? Ataiacha, ama wewe unaonaje?"

Nilikuwa nimesimama pale pale lilipokuwa pazia lenye tundu. Siku hizi kuna mlango. Baba alikuwa akitafuna. Alitafuna polepole, akameza, akafuta mdomo. Nilimtazama mzee huyo ambaye siku moja alijua kila kitu ambacho binti yake alitaka.

"Adhiambo!" aliita. "Acha hiyo maji. Njoo hapa, kuna kiti."

Adhiambo akaingia, akajifuta mikono, akaketi. Hakukaa kwenye kigoda cha mlangoni. Alikaa kwenye kiti, kando ya baba. Mshenga alianza kurudia swali kwa mzee, na baba akainua kiganja kumzuia.

"Mimi nimezeeka, sitaki tena kusemea watu," alisema. "Hapa kwetu, kitu kama hiyo, tunauliza mwenyewe."

Dani akapiga kigelegele, ingawa Adhiambo alikuwa bado hajajibu.